Kidole Kimoja Kila Mtu

Golo Lanak, 8 Agosti 1993

Shangazi yangu mpenzi, Shangazi Bergita,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kupang, na kile kikohozi cha vumbi kimekuacha. Sisi huku hatujambo. Baba anakusalimu, mguu wake umepona na ameanza tena kubishana na kila mtu. Mama anauliza kama ulipata kahawa aliyokutumia na watu wa meli. Ya mwaka huu imekubali sana. Kila uwanja umeanikwa kahawa hadi hakuna pa kukanyaga.

Na mimi, Shangazi, nimeolewa! Najua unajua, lakini acha niandike tena nifurahi. Kila asubuhi nikiamka namwona Sipri amekaa mlangoni na kahawa yake, nywele zimesimama kama manyoya ya kuku aliyelowa, na moyo wangu unaruka palepale. Ungemwona siku ile ya mchezo wa viboko! Alisimama na ngao ya ngozi ya nyati, kengele zinalia kiunoni, kiboko cha mpinzani kikampata mkononi, na badala ya kulalamika akaimba. Akaimba, Shangazi! Huku damu inachuruzika. Nikasema moyoni, huyu ndiye.

Wengine wanamjua kwa viboko, ila mimi nataka umjue kwa kitu kingine, na ndiyo sababu hasa ya barua hii.

Unakumbuka nilivyokuandikia kwamba parokia imenipa darasa la watoto wadogo, wale ambao hawajafika shule ya msingi. Kitabu cha hesabu tulicholetewa kina picha za matofaa, treni na mtu wa barafu. Nikawaonyesha treni. Nikauliza, "Mabehewa ni mangapi?" Wakaisogelea picha. Mwisho Ferdi, yule mtoto wa mwuza mishumaa, akasema, "Mwalimu, hiyo ni nyumba ya nani ndefu hivyo?" Basi hesabu ikaishia hapo. Tulitumia asubuhi yote kuzungumzia nani anaishi kwenye ile nyumba.

Nilirudi nyumbani nikilia. Sipri akachukua karatasi za mifuko ya saruji, mkaa, na rangi zilizobaki walipopaka kanisa, akaanza kuchora. Mimi nikawa naandika maneno. Kutwa tuko shambani, jioni tunagombania brashi. Shangazi, tumetengeneza kitabu! Jina lake ni *Kidole Kimoja Kila Mtu*. Kinaanza na kijiji kikigawana shamba jipya, kwa sababu hakuna mtoto hapa asiyelijua shamba la duara. Kuna ukurasa wa kuhesabu nguruwe, ukurasa wa mahindi yaliyofungwa mafungu, wa kubwa na ndogo, wa mbele na nyuma, na ukurasa wa sawa, ambapo ndugu wawili, Laus na Dorus, wanapewa kila mmoja kipande chake.

Watoto wamekipenda hadi kimeanza kuchanika. Tumetengeneza cha pili, nacho ndicho nimekifunga humu.

Wewe umefundisha watoto wadogo tangu mimi sijazaliwa. Ukisema kinafaa, kinafaa. Hukuja harusini na sitauliza kwa nini. Naomba tu ukisome, uwasomee watoto wa shule yako, kisha uniambie ukweli. Nataka umjue mume wangu, na humu ndimo alimojiweka.

Wako anayekupenda,
Selestina


Kupang, 20 Septemba 1993

Mwanangu Selestina,

Marahaba. Kikohozi kipo, tumezoeana. Kahawa nilipata, mwambie mama yako safi sana, ila mara hii ameikaanga kupita kiasi. Baba yako akiacha kubishana mniletee daktari haraka.

Kitabu kimefika. Umeniomba ukweli, basi upokee.

Maneno yako ni mafupi, na hilo ni jema. Watu wengi wakiwaandikia watoto hujaza ukurasa kama wanaogopa karatasi itapata baridi. Picha zina uhai. Mchoraji anajua mnyama anavyosimama na mwanamke anavyobeba kuni. Rangi ya kijani imemzidi nguvu kidogo.

Sasa makosa. Ukurasa wa nguruwe umeandika watano. Mchoraji amechora sita. Wa sita amejificha nyuma ya mama yake, mkia tu unaonekana, lakini mtoto wa miaka minne atauona huo mkia kabla hajaona kitu kingine chochote. Ukimwambia ni watano, tangu siku hiyo hatakuamini.

Ukurasa wa mahindi: mafungu yasiwe yanagusana. Mtoto anahesabu kwa kidole. Kidole kikikosa nafasi ya kutua, hesabu imekwisha.

Kurasa nyingine nimezipitia, ziko sawasawa. Nitawasomea watoto wangu tukitulia. Sasa hivi tuna surua darasani.

Nafasi yako katika chuo cha ualimu bado ipo. Niliwaomba waishikilie, wamekubali kwa mwaka huu. Unaweza kulala kwangu. Hukunijibu hilo katika barua yako.

Shangazi yako,
Bergita


Golo Lanak, 30 Oktoba 1993

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Pole kwa surua, natumaini watoto wamepona. Huku mawingu yameanza kukaa juu ya mlima, watu wanaangalia juu kila saa. Binamu Tildis amejifungua mtoto wa kike, mweupe kama wali, na tayari ana sauti ya baba yangu. Mama anasema hakuikaanga kahawa kupita kiasi, ni wewe umezoea maji ya Kupang.

Nilipofungua barua yako nilimsomea Sipri kwa sauti. Nilipofika pale "picha zina uhai" akasimama, akatoka nje, akarudi, akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Akasema, "Mara ya mwisho, polepole." Yaani Shangazi, siku nzima alikuwa anatembea kama mtu aliyepewa nyati.

Tulipofika kwenye nguruwe akakunja uso. "Yule wa sita si wetu," akasema. "Ni wa jirani. Huwa anakuja kula tu."

Nilicheka hadi mama mkwe akaja kuuliza kama nimeungua. Lakini Sipri hakuwa anatania! Alikuwa amechora zizi letu lilivyo, na kwa hesabu ya nyumba hii nguruwe ni watano. Nikamwambia, "Baba watoto wa baadaye, mtoto atajuaje huyu ni wa jirani?" Akasema, "Si anaonekana alivyo na haya?" Mwisho amekubali kumfuta. Hapana, hakumfuta, nisikudanganye. Amemsogeza nje ya zizi, na mimi nimeandika, "Huyu ni mgeni." Watoto wanahesabu watano, halafu wanapiga kelele, "Na mgeniii!" Kisha wanasema sita. Sikuwafundisha hilo. Wamejiongezea wenyewe, Shangazi! Watoto wa miaka minne wanajumlisha kwa kumkaribisha nguruwe!

Mahindi nayo ameyatenganisha, na kijani amepunguza, ingawa kwa shingo upande; kurasa hizo mpya nimezifunga humu.

Nimeanza kujifunza kufuma. Mama mkwe ananikalisha mbele ya kitambaa cheusi ananiambia hesabu nyuzi, na mimi nazihesabu huku nasikia mume wangu anapiga mluzi shambani. Sijui kama duniani kuna mwanamke mwingine anayepata raha hii.

Nakuomba tena, wasomee watoto wako. Nataka kujua watasema nini. Na ukiandika, Shangazi, mchoraji ana jina.

Wako,
Selestina


Kupang, 12 Desemba 1993

Mwanangu,

Marahaba. Surua imekwisha, tumepata mafua badala yake. Mpe hongera Tildis. Mwambie, mtoto akilia kwa sauti ya kaka yangu wampeleke kanisani aimbe.

Juzi niliwasomea. Nakueleza yote kama yalivyokuwa, kwa sababu limetokea jambo ambalo sijui nilicheke au nilifiche.

Ukurasa wa nguruwe waliupenda, wa mahindi vilevile. Kuhusu shamba la duara ilibidi nieleze, kwa sababu hapa mashamba yana pembe nne na watoto wa mjini hawajui hata hayo. Nikawachorea ubaoni. Nikasema: kwetu, shamba jipya likigawiwa, watu wanasimika mti katikati. Mgawaji anaweka vidole vyake kwenye ule mti. Kila nyumba inapata upana wa kidole, au viwili, kwa ukubwa wake. Kuanzia pale kwenye kidole mstari unavutwa hadi ukingoni, kipande kinaanza chembamba na kuendelea kupanuka. Ukiwa juu mlimani unaona kama utando wa buibui. Wakafurahi sana. Wote wakaweka vidole katikati ya ukurasa.

Tukafika kwenye Laus na Dorus. Umeandika: "Laus amepata kidole kimoja. Dorus amepata kidole kimoja. Wamepata sawa." Nikasoma hivyo, kwa sauti yangu ya kufundishia. Tuna desturi hapa ya kupanga punje za mahindi juu ya picha. Kuna binti mmoja, Marsela, mama yake anauza samaki sokoni. Akazijaza punje kipande cha Laus, akazijaza kipande cha Dorus. Kisha akanitazama.

"Mama Mwalimu, huyu kapunjwa."

"Nani kapunjwa?"

"Huyu mfupi. Punje za yule haziishi, zake zimeisha."

Nikamwambia, "Hapana mwanangu, tazama, kila mmoja kidole kimoja." Akasema, "Kidole ndiyo. Lakini shamba?" Na wenzake wote, "Ndiyo, kapunjwa! Kapunjwa!"

Nikakitazama kitabu. Selestina, kipande cha Laus kimeteremka hadi mtoni. Cha Dorus kimekomea kwenye mwamba, hakifiki hata nusu ya kile. Kiko mbele ya macho yangu. Nami nilishakisoma kitabu hicho tena na tena nikitafuta makosa kwa hamu, maana sitaficha kwamba nilitaka kuyapata. Nikapata mkia wa nguruwe. Hili sikuliona. Niliona kidole na kidole, nikasema sawa, kama babu yangu angesema, kama mtu yeyote wa kwetu angesema. Nimeishi Kupang miaka hii yote nikidhani nimekuwa mtu wa Kupang.

Walimu wenzangu wamenicheka siku nzima. "Mama Bergita, leo unagawa nini?"

Ukurasa huo ni kosa la hesabu na hauwezi kubaki hivyo. Fikirini cha kufanya.

Kuhusu chuo, wanataka jibu kabla ya Pasaka.

Shangazi yako,
Bergita


Golo Lanak, 25 Januari 1994

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Mvua imetushika hasa, daraja la chini limefunikwa, barua hii sijui itatoka lini. Baba ana afya. Mama anasema sasa amekaanga kahawa kidogo tu, na kama hukuipenda usirudishe.

Barua yako imezua vita katika nyumba hii!

Nilimsomea Sipri. Akasema, "Lakini ni kidole kimoja kimoja."

Nikasema, "Ndiyo, lakini tazama."

"Natazama. Kidole kimoja kimoja."

Nikaleta punje, nikapanga kama yule Marsela, na punje za Laus zikaendelea hadi mtoni. Sipri akazitazama muda mrefu, akanitazama mimi, akasema, "Nimepanda shamba hilo tangu nikiwa mtoto." Kwa sababu ni shamba letu la kweli, Shangazi! Amelichora kama lilivyo. Na kile kifupi ndicho cha kwetu!

Nikamgeukia mama mkwe aliyekuwa anachambua mchele. "Mama, kumbe sisi ndio tumepunjwa."

Hata hakuinua kichwa. "Kapunjwa nani? Kipande kile kiko chini ya mwamba, maji yanatoka pale. Mpunga wetu unaota wenzetu bado wanaimba kuomba mvua. Wewe unataka kile kirefu, utakipalilia wewe? Kwa mgongo wa nani?"

Mjomba wake Sipri aliyekuja kuomba moto akasema mama anajitetea tu, kirefu ni kirefu. Mama akamwambia yeye mwenyewe ana kirefu na kila mwaka anakuja kuazima mbegu. Majirani wakaingia. Punje zilipangwa na kupanguliwa hadi kuku wakazila. Watu wazima, Shangazi, wamechuchumaa sakafuni wanahesabu punje juu ya kitabu cha watoto!

Kesho yake nikawapelekea wanafunzi wangu ukurasa ule bila kuwaambia kitu. Wote wakasema sawa. Wote! Nikawapa punje. Ferdi akajaza, kisha akasema polepole, "Mwalimu, kidole ni sawa na shamba si sawa." Halafu akauliza, "Inawezekana?" Unaona, Shangazi? Mtoto wa miaka mitano ameuliza kama inawezekana vitu viwe sawa kwa kipimo kimoja na visiwe sawa kwa kingine. Mimi swali kama hilo sikuuliza hadi kidato cha tatu, na sikujibiwa.

Basi tumeamua hivi. Picha haibadiliki, Sipri ameapa, na mimi namuunga mkono. Tumeyatoa maneno "Wamepata sawa". Tumeacha chini ya picha nafasi tupu ya kupanga punje. Mwalimu asome hadi kidole kimoja na kidole kimoja, kisha anyamaze. Wanaobaki kusema ni watoto.

Sasa acha nikujibu, kwa sababu nimekuwa nikiruka jambo hili kama dimbwi la maji.

Siji chuoni, Shangazi. Nilikuwa nikinyamaza kwa sababu naogopa kukuumiza, na kwa sababu najua unadhani ndoa imenifungia mlango. Haikunifungia. Sipri mwenyewe alisema, "Ukitaka kwenda, nenda, nitakungoja." Nilimtazama nikajua simwachi, ila si kwa ajili yake tu. Nikiondoka, darasa hili linarudia treni na mtu wa barafu. Mimi ni mwalimu tayari. Sina cheti, lakini nina watoto wanaouliza kama inawezekana. Nilijifunza kwako, nilipokuwa nakaa kwenye benchi lako la nyuma kila likizo. Chuo changu ni wewe.

Nakuomba usinikasirikie. Na ukinikasirikia, usikikasirikie kitabu. Nimekiambatanisha kipya, kimekamilika.

Mwanao,
Selestina


Golo Lanak, 17 Aprili 1994

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima, mpunga umeiva, Tildis amempeleka mtoto kubatizwa na kweli amelia hadi padri akakatiza sala.

Pasaka imepita na sijapata neno lako. Kila gari la posta likipanda, Sipri anashuka barabarani kuuliza. Hasemi anaenda kuuliza nini. Anasema anaenda kununua chumvi. Nyumba imejaa chumvi.

Andika hata mstari mmoja wa kunigombeza.

Selestina


Kupang, 29 Mei 1994

Kwa Siprianus Jemadu, Golo Lanak.

Mwanangu Sipri,

Hujambo? Salimia mama yako na kila mtu hapo nyumbani. Mimi ni mzima, kikohozi kimenichoka kimeondoka.

Barua hii ni yako. Mke wako anaisoma juu ya bega lako, hilo najua, nimemlea, mwache.

Nilichelewa kujibu. Mwanzoni ni kwa hasira, na hilo si lako kulibeba. Nilitaka mtoto wa kaka yangu apite mlango niliopitia mimi, kwa sababu ni mlango pekee ninaoujua. Alipokataa sikuandika. Nikaendelea na darasa. Nikawasomea watoto kitabu kipya, nikafika ule ukurasa, nikanyamaza kama alivyoniagiza. Sijawahi kunyamaza darasani. Wakabishana hadi kengele ya kwenda nyumbani ikalia, na hakuna aliyesimama. Marsela akaniambia nisiwasaidie.

Mwalimu wa darasa la pili akakiomba. Kisha wa shule ya jirani. Kisha masista wakaja na mashine yao ya kunakili, na ndipo nilipopotelea wiki zote hizi, maana kijani chako kinageuka cheusi kwenye mashine na ilibidi tupake rangi kwa mkono, nakala kwa nakala, walimu wote tukiwa na vidole vya kijani kanisani. Sasa kinasomwa shule zote za watoto wadogo za parokia hii. Wanangu hapa wanawaambia wageni kwamba kwao Mama Mwalimu shamba ni duara, na wanasema kama vile wao ndio waliolilima.

Walipouliza kwenye jalada liandikwe nini, niliandika mwenyewe: *Picha ni za Siprianus Jemadu. Maneno ni ya Selestina, mwalimu, Golo Lanak.* Sista mmoja akauliza kama ana cheti. Nikamwambia nimemfundisha mimi. Hakuuliza tena.

Nakuja mwezi ujao na meli ya kwanza, shule zikifungwa. Najua mtanisimamisha mlangoni na jogoo na kibuyu cha tembo kama inavyopasa ndugu wa mke. Nitapokea vyote viwili. Nilipaswa kuvipokea mwaka jana.

Nikishapumzika unipeleke shambani. Nataka kusimama pale kwenye mti wa katikati, nikitazame kirefu na kifupi kwa macho yangu, halafu mimi na wewe na mama yako tubishane vizuri. Mimi niko upande wa Marsela, ujiandae.

Na uanze kuchora kingine. Watoto wanataka kizito na chepesi. Safari hii yule nguruwe wa jirani mpe jina, wananiuliza kila siku.

Enu, binti yangu Selestina, futa machozi, unalowesha barua ya mtu.

Shangazi yenu,
Bergita